Kurd Lasswitz: Mwalimu wa Gotha na Wakoloni Kutoka Mirihi

(Haya ni maneno niliyoyasema jioni moja mbele ya wasomaji wenzangu, Dar es Salaam. Waliokosa kufika wameomba hotuba nzima, nami naiweka hapa kama nilivyoitamka. Picha za ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, waandishi wenzangu, na nyinyi vijana mliobanana huko nyuma karibu na mlango, habari za jioni.

Naomba niwarudishe kwenye mwaka mmoja tu: 1897.

Mwaka huo, huku kwetu, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, bado yuko porini. Boma lake la Kalenga limebomolewa kwa mizinga tangu 1894, lakini mwenyewe hajakamatwa, na Wajerumani hawana usingizi. Mwaka huohuo serikali yao inatoa amri ya kodi ya nyumba. Mwenye kibanda ajiandae, mwakani ataanza kulipa. Mwaka huohuo, kule Berlin, Karl Peters anafikishwa mbele ya mahakama ya nidhamu na kufukuzwa utumishini. Mnamjua Peters. Ndiye aliyezunguka bara mwaka 1884 akiwatia machifu saini kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Mwezi Julai, mwaka huohuo, Wasweden watatu wanapanda puto katika visiwa vya Spitsbergen ili wafike Ncha ya Kaskazini. Wanapotea. Mabaki yao yanakuja kupatikana mwaka 1930.

Na mwaka huohuo, mjini Weimar, kinatoka kitabu kinene cha juzuu mbili kiitwacho Auf zwei Planeten, yaani Kwenye Sayari Mbili. Wajerumani watatu wamepanda puto kuelekea Ncha ya Kaskazini. Wanafika. Na walipofika wanakuta kuna watu, tena watu waliotoka Mirihi. Kabla kitabu hakijaisha, watu hao wanaitawala Ulaya.

Aliyekiandika alikuwa mwalimu wa hesabu. Jina lake Kurd Lasswitz.

Sasa najua kuna anayejiuliza: kwa nini sisi, wajukuu na vitukuu vya waliotozwa kodi ile, tukae jioni nzima kumzungumzia Mjerumani? Nawajibu mapema. Kwa sababu Mjerumani huyu aliuliza swali ambalo babu zetu walikuwa wakiliuliza kwa mishale na magobole: nani kakupa haki ya kunitawala? Aliliuliza kwa Kijerumani, akawauliza Wajerumani wenzake, mwaka uleule.

Nianze na maisha yake, na sitakaa hapo sana, maana hayakuwa na mikasa mingi.

Lasswitz alizaliwa tarehe 20 Aprili 1848 katika mji wa Breslau, ambao siku hizi uko Poland na unaitwa Wrocław. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mtu wa siasa, akapata kuketi katika bunge la Prussia. Kijana akasoma hisabati na fizikia, Breslau na Berlin. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, alikwenda kama askari wa kujitolea. Akarudi, akaendelea na masomo, na mwaka 1873 akapata udaktari kwa utafiti juu ya matone: namna tone la maji linavyoning'inia kwenye kitu kigumu huku uzito wake ukilivuta chini.

Mtu wa namna hiyo alitaka nini? Alitaka kufundisha chuo kikuu. Na sifa alikuwa nazo. Mwaka 1890 alitoa juzuu mbili za historia ya nadharia ya atomu, tangu Zama za Kati hadi Newton. Aliandika juu ya mwanafalsafa Kant, tena kwa kina. Chuo kikuu hakikumfungulia mlango. Alifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari, Gymnasium Ernestinum, mjini Gotha, kuanzia 1876 hadi 1908. Miaka thelathini na mbili ya chaki na madaftari. Walimu mliomo humu ndani mnajua uzito wa maneno hayo kuliko mimi.

Lakini angalieni alifanya nini na mji wake mdogo. Mwaka 1884 alianzisha Jumuiya ya Jumatano, watu wa Gotha wakawa wanakutana kusikiliza mihadhara ya sayansi, falsafa na fasihi. Hakungoja mji mkubwa umwite. Alikusanya watu pale alipokuwa, wakasikilizana. Ndiyo kazi tunayoifanya sisi jioni hii, na nilipoisoma habari hiyo nilimpenda zaidi.

Na Gotha yenyewe haikuwa mji wa hivihivi. Ilikuwa na kampuni ya Justus Perthes, iliyochapa ramani zilizosifika duniani kote. Humo alifanya kazi August Petermann, mchora ramani ambaye wasafiri wa Afrika na wasafiri wa barafu walimpelekea habari zao. Mwaka 1856 jarida la Petermann lilitoa ramani ya Afrika Mashariki iliyotoka kwa wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Erhardt alikuwa amekaa Tanga, akawasikiliza wasafiri wa misafara wakieleza njia za bara, siku za mwendo, mito na maji makubwa. Katika ramani hiyo kuna ziwa moja kubwa mno, limelala katikati ya nchi, umbo lake kama koa. Maziwa matatu yalikuwa yameunganishwa yakawa moja. Waingereza Burton na Speke walikuja kulitafuta mwaka uliofuata.

Mnaona? Maneno ya wapagazi na wafanyabiashara wa Tanga yalisafiri hadi Gotha yakawa ramani. Miaka ishirini baadaye Lasswitz akahamia mji huohuo. Na riwaya yake inafunguka vipi? Wale watu watatu kwenye puto wanachungulia chini, pale penye Ncha ya Kaskazini, wanaona kisiwa. Juu ya kisiwa imechorwa ramani. Ramani kubwa ajabu ya nusu ya dunia, imechorwa kwa usahihi ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia. Kuna mtu ametuchora sisi sote, kutoka juu, bila kutuuliza. Wataalamu wa Ulaya, waliozoea kuchora nchi za wengine, wanajikuta wamechorwa. Mimi siamini kwamba mtu aliyeishi Gotha aliiweka ramani ile pale kwa bahati tu.

Ndugu zangu, nitairudia riwaya hii sasa hivi. Kwanza nataka muone kichwa cha mtu huyu kilivyofanya kazi, maana kuna wanaodhani hadithi za kubuni za kisayansi ni ndoto za mchana. Kwa Lasswitz ilikuwa hesabu kwanza, ndoto baadaye.

Hadithi yake ya mwanzo ilitoka gazetini mwaka 1871, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Inatokea mwaka 2371. Shujaa wake ni mwanamke msanii anayepiga kinanda cha harufu: kila kitufe kinatoa manukato yake, na watu wanakaa ukumbini wananusa muziki. Ndiyo, inachekesha, na alitaka ichekeshe. Lakini alikwisha kujiuliza jambo la kweli: ikiwa sikio lina sanaa yake na jicho lina sanaa yake, pua imekosa nini?

Kisha kuna hadithi ya povu la sabuni. Watu wawili wanajipunguza wawe wadogo mara milioni nyingi, wanatua juu ya povu alilolipuliza mtoto, wanakuta lina viumbe wenye akili, miji na wataalamu wao. Wageni wanasema ukweli wanaoujua: jamani, ulimwengu wenu ni povu la sabuni. Mnadhani walishukuriwa? Walishtakiwa.

Halafu kuna ile ninayoipenda kuliko zote fupi, ya mwaka 1904, Die Universalbibliothek, maktaba ya kila kitu. Chukueni kalamu, tuihesabu pamoja kama alivyowahesabia wasomaji wake. Tuna alama mia moja: herufi kubwa, herufi ndogo, namba, nukta, koma, pamoja na nafasi tupu. Kitabu kina kurasa 500. Kila ukurasa mistari 40. Kila mstari alama 50. Zidisheni. Alama milioni moja katika kitabu kimoja. Sasa chapeni vitabu vyote vinavyowezekana, kila mpangilio wa alama hizo usiachwe hata mmoja. Mtapata vitabu vingapi? Moja ikifuatwa na sifuri milioni mbili.

Katika maktaba hiyo mna kila kilichoandikwa na kila kitakachoandikwa. Historia ya kweli ya vita vya Maji Maji, jina la kila mtu aliyeanguka, imo. Zimo pia historia za uongo za vita hivyohivyo, nyingi kupita hesabu, kila moja imeandikwa kwa ufasaha. Orodha ya vitabu imo, na orodha za uongo zimo. Utaijuaje ya kweli? Lasswitz anaendelea kuhesabu: kila kitabu kina unene wa sentimita mbili, vipangeni kwenye rafu moja, mkutubi apite mbele yake kwa kasi ya mwanga. Baada ya miaka miwili atakuwa amepita vitabu kiasi cha moja na sifuri kumi na nane. Bado hajaanza safari.

Mwandishi wa Argentina, Jorge Luis Borges, alimtaja Lasswitz kwa jina katika insha ya mwaka 1939, na miaka miwili baadaye akatoa hadithi yake mashuhuri ya maktaba. Dunia inaijua ya Borges. Haki ni haki: mahesabu yalikwisha fanywa Gotha.

Sasa turudi kwenye puto.

Wale watatu ni Hugo Torm, kiongozi wa msafara. Grunthe, mnajimu mkavu asiyecheka. Na Josef Saltner, mtu wa milimani, mchangamfu. Puto lao linanaswa na nguvu wasiyoijua, linapandishwa juu hewa inakokwisha. Sababu ni hii. Wamirihi wamejenga kituo juu ya Ncha ya Kaskazini, kilomita 6,356 kutoka ardhini, sawa na umbali wa kutoka ardhini hadi kitovu cha Dunia. Kituo kina umbo la pete. Kati ya kituo na kisiwa kuna njia ambamo nguvu ya mvutano imeondolewa, vyombo vinapanda na kushuka humo. Vyombo vikubwa vya kwenda Mirihi vinatia nanga kule juu, maana kutua ardhini na kupaa tena ni gharama. Hesabuni miaka: hii ni 1897, ndege ya kwanza haijaruka, na mwalimu wa sekondari anaeleza kituo cha anga na kwa nini kinahitajika.

Torm anapotea. Grunthe na Saltner wanazinduka ndani ya nyumba ya Wamirihi. Kuna jambo moja humo ambalo mimi sikulisahau. Mvutano wa Mirihi ni kama theluthi moja ya wetu, kwa hiyo Wamirihi wakiwa duniani miili yao inawaelemea, wanatembea kwa shida. Basi chumbani wamechora mstari sakafuni. Upande huu uzito wa Dunia, upande ule uzito wa Mirihi. Mgeni na mwenyeji wanazungumza kila mmoja upande wake wa mstari. Anayetaka kumfuata mwenzake lazima akubali ama kulemewa, ama kupoteza miguu. Na hapo, ng'ambo na ng'ambo ya mstari, Saltner na binti wa Kimirihi aitwaye La wanaanza kupendana.

Wanasemezana kwa lugha gani? Wamirihi walikwisha kujifunza Kiinuiti, kwa sababu Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, ndio binadamu wa kwanza waliokutana nao. Nami naweka neno langu hapa: Wainuiti wenyewe katika kitabu hiki ni watumishi, na Lasswitz anawatazama kutoka juu. Mtu aliyeona mbali kiasi kile alipitwa na hili lililokuwa karibu.

Wamirihi hawa si majini ya kutisha. Mwaka uleule, katika jarida moja la London, H. G. Wells alikuwa akitoa kwa mfululizo hadithi ya Wamirihi wanaonyonya damu. Wa Lasswitz ni wazuri wa sura, macho makubwa, wasomi, wapole. Nishati yao inatoka kwenye jua. Chakula chao kinatengenezwa viwandani bila kumnyang'anya mtu shamba. Vita wamekwisha kuviacha. Kwao kitu kitakatifu ni uhuru wa nafsi ya kila mtu, kama alivyofundisha Kant: usimfanye mwenzako chombo cha haja zako. Ukisoma juzuu ya kwanza unatamani waje kesho.

Wanakuja. Na hapo ndipo nataka mnisikilize kwa makini.

Ugomvi unaanza kwa jambo dogo. Meli ya kivita ya Uingereza inawakamata Wamirihi wawili kwenye barafu na kuwafunga. Wenzao wanakuja kuwaokoa. Risasi zinapigwa. Mirihi inadai kuombwa radhi, Uingereza inakataa, inazingirwa kwa merikebu za angani, majeshi yake ya majini yanasambaratishwa. Mataifa mengine ya Ulaya yanakimbilia kugawana mali za Mwingereza aliyeanguka, karibu wauane. Wamirihi wanasema: hawa hawajui kujitawala. Basi wanaiweka Ulaya chini ya ulinzi wao. Ulinzi! Wanajeshi wa Ulaya wananyang'anywa silaha mikononi kwa nguvu ya sumaku kubwa, bila kumwaga damu. Kwa faida yao wenyewe.

Nani kati yetu hajawahi kusikia maneno hayo? Ulinzi. Kwa faida yenu wenyewe. Katika vitabu vya Wajerumani, nchi hii tuliyokaa iliitwa hivyohivyo, nchi iliyo chini ya ulinzi.

Na baada ya ulinzi kinakuja nini? Inakuja shule. Watu wazima wa Ulaya, wenye ndevu na vyeo, wanalazimishwa kukaa darasani wafundishwe kuwa watu. Inakuja kodi. Wamirihi wanataka nishati ya jua linalochoma majangwa ya Dunia, na Dunia ilipe. Kule bungeni Mirihi chama kinazaliwa kinachosema binadamu si nafsi huru, ni mnyama mwenye maarifa kidogo, basi atumiwe. Mnaona mambo yanavyokwenda hatua kwa hatua? Hakuna siku moja ambapo Wamirihi waliamua kuwa waovu. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri.

Kisha wanaanza kuugua. Maofisa waliotumwa Duniani, waungwana kabisa walipokuwa kwao, wanapatwa na maradhi. Wanaanza kufoka. Wanaanza kutaka kuinamiwa. Wanafurahia kuadhibu. Lasswitz ameyapa maradhi hayo jina: kichaa cha Dunia. Na msomaji wa Kijerumani wa mwaka 1897 hakuhitaji kuelezwa. Magazeti yake yalikuwa yamejaa kichaa kingine, kichaa cha nchi za joto, ndilo jina walilowapa maofisa wa makoloni waliogeuka wanyama. Mwaka mmoja kabla, 1896, mwandishi Frieda von Bülow, aliyepata kuishi huku kwetu na kumjua Peters kwa karibu, alikuwa ametoa riwaya yenye jina hilohilo. Na mwaka huohuo wa 1896, mbunge August Bebel alisimama katika bunge la Berlin akaeleza Peters alichokifanya Kilimanjaro: alimnyonga mtumishi wake Mabruk, akamnyonga na binti wa Kichaga aitwaye Jagodja.

Nitaje tena majina hayo, maana mara nyingi anatajwa Peters peke yake. Mabruk. Jagodja.

Lasswitz alichukua habari hiyo iliyokuwa midomoni mwa watu, akaigeuza. Akamwambia Mjerumani: sasa wewe ndiye uliye chini. Afisa wa Kimirihi aitwaye Oß, nahodha hodari wa zamani, anapewa madaraka kule milimani kwao Saltner. Kichaa kinampanda. Mama mzee wa Saltner anachukuliwa kwa nguvu, apelekwe maabara akachunguzwe kama mdudu. Bibi kizee! Saltner anavamia maabara, anamtoa mama yake, anakimbilia milimani, anawindwa kama mhalifu. La, yule binti wa Kimirihi, anakuja na chombo chake kuwaokoa, na kwa kufanya hivyo anauvuka mstari wa sakafuni moja kwa moja.

Na kuna mtu mmoja aliyepasuliwa katikati. Ell, baba Mmirihi, mama Mjerumani, amekulia Duniani akiota siku Wamirihi watakapokuja kuleta mwanga. Wanapokuja, wanampa utawala wa nchi za Wajerumani, makao yake Berlin. Anaamini. Anafanya kazi kwa moyo. Anashuhudia mwanga alioungoja maisha yake yote ukigeuka amri, faini na vitisho. Hatukuwa na watu wa namna hiyo sisi? Waliosoma shule za bwana, wakampenda bwana kwa yale aliyoyaandika vitabuni, wakaja kumkuta ofisini? Mimi nikimsoma Ell namuona mtu ninayemjua.

Binadamu wanafanyaje? Wanaunda umoja wao. Lengo lao ni kuyachukua yote mema ya Wamirihi, elimu, haki na heshima ya nafsi, na kuwakataa Wamirihi wenyewe kama watawala. Marekani, ambayo haijawekwa chini ya ulinzi, inaunda merikebu za angani kwa siri. Vituo vya ncha za Dunia vinatekwa. Mwishowe sayari mbili zinatiliana mkataba zikiwa sawa kwa sawa.

Ndugu zangu, mtu aliandika hayo wakati Mkwawa yuko porini Uhehe.

Sitaki kumvisha joho lisilo lake. Afrika katika riwaya hii ni jangwa la kuvunia jua, sauti ya Mwafrika haimo. Mchokozi wa kwanza amemfanya Mwingereza, jambo lililompendeza msomaji wa Kijerumani wa wakati ule. Sijasoma popote kwamba alisimama hadharani kuwatetea watu wa Pangani, ambako Abushiri alinyongwa mwaka 1889, au watu wa Kilimanjaro. Alisimama mahali pengine: ndani ya kichwa cha Mjerumani aliyejiona mstaarabu. Huko alipiga pazuri. Bertha von Suttner, yule mwanamke wa Austria aliyepigania amani na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikisifu kitabu chake. Kikatafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya.

Vitabu vyake vya baadaye nitavipita haraka. Kuna kimoja ambacho mhusika wake mkuu ni wingu. Kuna kisa cha mnyama mdogo wa manyoya anayeishi zama za mijusi wakubwa, kabla binadamu hajafikiriwa. Kuna riwaya ya mwaka 1909 ya mmea uliotoka kwenye mwezi wa sayari Neptuni. Vina uzuri wake, falsafa imezidi hadithi, na mimi si mpenzi wake mkubwa. Alifariki Gotha tarehe 17 Oktoba 1910.

Jambo la warithi wake ndilo linalonikosesha raha, na lazima niliseme.

Katika shule ile ya Gotha alipita mwanafunzi aitwaye Hans Dominik. Alikuja kuwa mwandishi wa riwaya za kisayansi aliyeuza kuliko wote Ujerumani. Akachukua mitambo ya mwalimu, akaacha swali. Katika riwaya yake ya mwaka 1923 wazungu na watu wa Asia wanagombania ardhi, na teknolojia ni ya kumsaidia mzungu ashinde. Kisha kuna Wernher von Braun, mhandisi wa roketi wa Ujerumani. Yeye mwenyewe alieleza alivyoisoma Auf zwei Planeten kwa uchu akiwa kijana. Roketi aliijenga. Roketi yake ya vita, V-2, iliundwa na wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Mittelbau-Dora, waliofanyishwa kazi ndani ya mahandaki hadi wakafa kwa maelfu. Kambi hiyo ilikuwa Thuringia, jimbo lilelile ilipo Gotha. Alikisoma kitabu kinachosema mtu asifanywe chombo. Alikipenda. Inawezekanaje kukipenda kitabu hivyo na kutolisikia neno lake kuu? Nawauliza nyinyi waandishi hasa, kwa sababu nimelifikiria swali hilo na jibu sina.

Leo kuna tuzo ya Kijerumani ya fasihi ya kisayansi iliyopewa jina lake mwaka 1980. Na kwenye Mirihi kuna bonde la kimondo linaloitwa Lasswitz.

Kwa Kiswahili je? Marehemu Katama Mkangi alituonyesha mwaka 1995, katika riwaya yake Walenisi, kwamba lugha hii inaweza kumpakia mtu kwenye chombo cha anga na kumtua katika nchi ya watu walio sawa, na swali la nani amtawale nani likabaki lilelile. Njia ipo. Lakini hadithi ya Lasswitz kwa Kiswahili sijaiona hata moja. Mwenyewe amefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kazi zake hazina mwenyewe wa kudai haki, Kijerumani kinasomwa hapahapa mjini. Riwaya ni ndefu, najua. Tuanze na ile ya maktaba, ni kurasa chache tu, na hesabu zake tumekwisha zifanya. Nimekuja na nakala yake ya Kijerumani hapa mezani. Wanaokisoma Kijerumani wabaki kidogo baada ya maswali, tugawane kurasa.

Asanteni sana. Aliye na swali anyooshe mkono, tuanze na wale wa nyuma.